Nilizunguka Marekani Bila Kutoka Afrika Kusini

Nianze na lililo zito: niliudanganya ukoo mzima, na nilidanganya kwa raha. Asitokee wa kunitetea.

Mimi ni msusi, Mtanzania, naishi Albert Park hapa Durban mwaka wa saba. Kwetu Morogoro, Durban haimshtui mtu. Binamu yangu akituma picha za maghorofa ya Dubai, kundi la familia la WhatsApp linajaa mioyo. Nikituma bahari mimi, shangazi anauliza, "Huko si Afrika hii hii?" Iliniuma.

Wikiendi moja ndefu, Chantal, Mkongo ninayesuka naye, akanialika matembezini. Tukapanda Corolla ya mumewe mpaka milima ya jimbo la Free State, mwendo wa saa nne hivi. Jamani, ile barabara. Miamba ya rangi ya kutu imesimama huku na huku, lami inajipinda katikati.

"Dada, hapa iko kama Amerika ya kwenye filme," Chantal akasema.

Shetani hakuhitaji msaada zaidi. Nilibadilisha vilemba vinne kando ya barabara. Nikapigwa picha nimekaa juu ya jiwe, nimeegemea gari, nimeshika usukani na miwani usoni, na hata kuwasha gari sijui.

Nikawaandikia nyumbani kwamba mteja wangu mzungu amenichukua tuzunguke Marekani kwa gari, miezi miwili. Picha za mchana mmoja nikazigawa wiki tano: Jumatatu Arizona, Ijumaa Utah. Maelezo niliyachota kwenye tovuti za watalii. Mama akasifu ng'ombe wa Marekani walivyonenepa. Walikuwa ng'ombe wa Harrismith, huko huko Free State. Baba akaandika, "Msiendeshe mkiwa na usingizi, mwanangu." Nilicheka. Nilimcheka baba yangu.

Wiki ya sita Mama akapiga simu. Rehema, mdogo wangu wa pekee, niliyemlea mgongoni, anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata. Wakwe wameharakisha.

"Alitaka tukusubiri," Mama akasema. "Nimemkatalia. Safari kama hiyo mtu haipati mara mbili."

Nilitakiwa kufungua mdomo tu. Kwa basi ningefika na siku za kupumzika zikabaki. Nikajibu, "Asante, Mama. Huku mtandao unasumbua."

Siku ya harusi nilipiga simu ya video kutoka saluni, nyuma yangu ukuta mtupu. Rehema alikuwa amesukwa na mtu mwingine, tena vibaya. Mama akanizungusha meza kwa meza: "Mwanangu huyu, yuko Marekani." Akafika kwa mjomba wa bwana harusi, mzee aliyeendesha malori Texas miaka mingi. Akataka kuona hizo barabara. Mama akachukua simu ya shangazi, akamfungulia picha kwa fahari.

Mzee akaitazama moja kwa muda.

"Mama, Marekani usukani uko kushoto. Huyu kashika wa kulia."

Mmoja akacheka, na meza nzima ikafuata. Mama hakucheka. Aliilaza simu yake kifudifudi. Nikabaki naangalia giza na kusikiliza muziki wa harusi ya mdogo wangu, mpaka mtu akakata.

Chantal hakunibembeleza. "Mama yako alikataza mtoto asikungoje, sababu alikuamini. Hiyo ndiyo iko mbaya."

Baada ya siku mbili Rehema aliandika mstari mmoja: "Dada, ungekuwa mbali kweli ningekusamehe." Hajapokea simu yangu tangu hapo, na sasa ni miezi minne.

Wewe unayetafuta picha ya kuwakoga ndugu zako, tuma ya chumba chako, na kitanda hakijatandikwa, useme uko wapi. Wakijua ulipo, wanaweza kukuita. Mimi nilijiweka mahali ambapo hata mtu anayenipenda hakuthubutu kuniita.