Fundi Anayewapima Watoto Wetu

Asante kwa kunifichia jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mke wa mchimbaji. Tunakaa kambini Musonoi, wazazi wetu waliletwa kutoka Kasai na kampani ya mgodi. Ninaandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Msimu wa mvua uliopita binti yangu wa miaka minane alipotea. Nilikuwa nimemtuma kwa fundi wa nguo, jirani yetu, akapimwe sare ya shule. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa fundi mwenyewe: "Ni batumbula! Musifuate, na ninyi mutapotea." Kambini kwetu hakuna asiyewaogopa batumbula, watu wanaosemekana huteka wenzao na kuwanenepesha ili waliwe. Likitajwa jina hilo, milango inafungwa na hakuna anayetafuta. Hata mume wangu alikaa ndani akilia.

Mimi nilipanda treni. Kila stesheni nilishuka nikauliza, mpaka Dilolo, mpakani. Huko nilimkuta mwanangu akiosha sufuria kwa mfanyabiashara mmoja, mikono imechubuka.

"Mama," akasema, "ni tata wa kushona, ule fundi, njo alinileta. Alinificha kwake mpaka usiku, milango yote ikiwa imefungwa, akanipandisha treni. Aliniambia weye ulikufa."

Akaniambia pia kwamba Ilunga, mtoto wa rafiki yangu aliyepotea siku ileile, alikuwa naye kwenye treni. Kwenye stesheni ya Mutshatsha fundi alimshusha, akampa mtu mwingine.

Nilikwenda polisi. Wakanijibu mtoto wangu amepatikana, kesi imekwisha; na kuhusu Ilunga, neno la mtoto wa miaka minane si ushahidi. Tangu hapo napita nyumba kwa nyumba nikiwaonya akina mama wasimwache mtoto peke yake kwa fundi. Wananiona nimerukwa na akili: kwao walioiba watoto ni batumbula, si jirani anayeshona sare.

Juzi sokoni fundi alinisalimia mbele za watu, tepu ya kupimia shingoni. "Mama, tunashukuru Mungu. Mutoto alirudia." Ningeelekeza kidole tu na kusema "mutumbula ni huyu", mawe yangemmaliza palepale. Nawaambia ukweli, ninatamani. Ninataka niwe karibu nimwone.

Lakini Mama Ilunga alinishika mkono. "Nakuomba, yaya, dada yangu, usimuguse. Akikufa, mutoto yangu nitamuuliza nani?"

Huyo mama anampelekea fundi bukari, ugali wetu, na samaki kila siku, anapiga magoti, anamsihi amwambie alikompeleka mwanawe. Fundi anakula, ananawa mikono, anasema hajui kitu. Mimi nasimama mlangoni kwangu nikichukia kila tonge analomeza.

Nikipiga kelele, Ilunga anaweza kupotea milele. Nikinyamaza, mwingine atapandishwa treni. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Msikawie kunijibu. Shule zinakaribia kufunguliwa, na asubuhi hii nimeona watoto wamepanga foleni mlangoni kwake, wanangoja kupimwa.