Siku Nilipoyatoa Mafiga

Nilifanya kazi ya boila katika kiwanda kimoja cha Thika tangu nikiwa kijana aliyemaliza sekondari juzi hadi mvi ziliponijaa kichwani. Nililisha lile tanuri kuni, baadaye mafuta mazito, na moshi uliotoka juu ulichafua nguo zilizoanikwa hadi mitaa ya jirani. Muda huo wote hakuna aliyekuja kuniomba niupunguze. Nikastaafu, nikarudi shambani kwangu nje ya mji, na hapo ndipo dunia ilipokuja kuuliza habari za moshi wa mke wangu.

Ulikuwa mradi wa majiko. Msichana aliyesomea chuo kikuu cha Juja alikuja kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wakulima, akatueleza vizuri na bila kujigamba. Serikali za dunia, alisema, zimekubaliana kupunguza hewa chafu inayovuruga mvua. Kampuni ya mbali ikishindwa kupunguza ya kwake, inaweza kulipia moshi uliopunguzwa mahali pengine. Sisi tukipika kwa majiko yanayokula kuni chache, ule moshi ambao hatukuutoa unahesabiwa na kuuzwa huko nje, na pesa zake zinanunua majiko zaidi na miche ya kupanda kando ya mto.

"Yaani tutauza moshi ambao haupo?" mwenyekiti wetu akauliza.

"Ndiyo, guka," akajibu, kama babu anavyoitwa kwetu.

"Basi mimi ni tajiri. Kuna moshi mwingi sana ambao sijautoa!"

Tulicheka, lakini mimi jambo hilo liliniingia. Nilikuwa nimeona mahindi yakikauka yakiwa na urefu wa goti, na nilijua moshi niliokuwa nimeurusha angani. Sharti lilikuwa moja: kila nyumba itakayopata jiko jipya iyaondoe mafiga ya zamani na picha ipigwe, kwa sababu mwenye yote mawili atapikia yote mawili na hesabu itakuwa ya uongo. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Sasa, kwetu mafiga ni ya mwanamke. Mama yangu ndiye aliyemwonyesha mke wangu pa kuyapanda yale mawe matatu siku alipoletwa nyumbani kwetu, na juu yake watoto wetu wote walipikiwa uji. Mwanamume hayagusi. Akiyang'oa, amemwambia mkewe aende kwao, na hahitaji kuongeza neno. Hayo niliyajua tangu utotoni. Nilijiambia ni mambo ya kale, ya watu wasiosoma.

Mke wangu alikuwa ameenda Ruiru kwa binti yetu aliyejifungua. Msichana wa mradi alipokuja na jiko, aliuliza mara mbili habari za mke wangu, "Shosho hayuko? Naweza kurudi siku nyingine." Nikamwambia mwenye boma ni mimi. Nikaingia jikoni, nikayang'oa mawe kwa jembe, nikasimama mlangoni nikiwa nimebeba moja kifuani, nikitabasamu, picha ikapigwa. Mwenyekiti alikuwepo, akaomba moja la kukalia akikamua ng'ombe. Yale mengine mawili niliyaweka juu ya bati la banda la kuku lisipeperushwe na upepo.

Mke wangu aliporudi aliingia jikoni, akatoka. Aliliangalia jiko jipya, akaliangalia shimo lililobaki sakafuni, akachukua kiondo chake cha safari kabla hata hajakifungua, akarudi barabarani. Nilidhani amesahau kitu dukani. Kisha binti yetu akapiga simu.

"Baba, umefanya nini? Mama amerudi huku. Anasema umemfukuza."

"Nimemfukuza vipi? Nimemletea jiko!"

"Hayo mwambie mwenyewe," akasema, akakata.

Habari zilifika kwenye kikundi kabla yangu. Mwenyekiti alinisimamisha njiani mbele ya watu. "Mzee, nimesikia umeachana na bibi kwa sababu ya mambo ya kimataifa." Wanaume walicheka. Wanawake hawakucheka. Mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba hakuna atakayelipokea jiko lile mpaka mke wangu arudi kwake, na kama harudi, mradi uende ukapikie kwingine. Nikaona nilichokifanya. Makubaliano yale yalikuwa yamesafiri kutoka ng'ambo hadi kwetu bila kumdhuru mtu, yakaharibikia mikononi mwangu, hatua chache kutoka mlangoni.

Nilienda Ruiru nikiwa nimevaa koti la kanisani. Binti yetu anaishi kwenye ghorofa, na nilimkuta mke wangu amempakata mjukuu karibu na jiko la gesi. Hakunijibu salamu. Aliongea na mtoto.

"Mwone guka wako. Amekuja kung'oa na hili la gesi."

"Mama, nilikosea," nikasema.

"Sikia huyo. Anasema alikosea. Muulize alikosea nini."

Nilitaka kueleza mambo ya mvua na serikali za dunia. Nikayameza. "Niliyashika mawe yako. Nilijua si yangu na nikayashika."

Ndipo aliponitazama. "Wewe unafikiri napenda moshi? Ni macho ya nani yamelia kwenye ule moshi tangu nije kwenu? Jiko lile nalitaka. Nilisikia habari zake kwa wenzangu hata kabla hujainua mkono. Ungeniuliza tu, ningeyatoa mwenyewe siku hiyohiyo, na tungeimba."

Hadi leo hilo ndilo linaloniuma zaidi: kwamba kile nilichokinyakua ningepewa.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Yarudishe yalivyokuwa. Yote. Halafu tutaona."

Yale mawili niliyashusha kutoka kwenye banda la kuku. La tatu nilienda kuliomba kwa mwenyekiti, nikamkuta amelikalia, ndoo ya maziwa katikati ya magoti. Nilipomweleza, aliruka kama aliyeungua.

"Wewe! Kumbe kila asubuhi nimemkalia mkeo!"

"Nipe jiwe, bwana."

"Chukua, chukua! Na usimwambie!"

Kuyapanda upya ilikuwa kazi. Nimekula chakula kilichotoka juu ya mawe yale tangu nioe, na sikujua yameinamiana vipi wala lipi lilitazama mlango. Sufuria ililala upande, nikayachimbua, nikaanza tena. Nilikuwa bado nimepiga magoti, mikono ina majivu mpaka kwenye viwiko, niliposikia kiondo cha mke wangu kikiwekwa chini nyuma yangu. Alisukuma jiwe moja kwa mguu, kidogo tu, na sufuria ikakaa.

Aliwasha moto, akapika uji wa wimbi, tukanywa tukikohoa kwa ule moshi ambao ng'ambo walikuwa wamekwisha kuulipia usitoke. Asubuhi yake, mawe yakiwa yamepoa, aliwaita wanawake wa kikundi. Aliyatoa mwenyewe, moja moja, akayapeleka nyuma ya nyumba karibu na migomba, mahali alipopachagua kwa ajili ya sufuria kubwa za siku za wageni. Waliimba kama alivyosema wangeimba. Mimi nilisimama mbali na kofia mkononi.

Msichana wa mradi aliporudi kukagua, nilimpigia simu mwenyekiti aje, nikasafisha koo nianze kueleza. Mke wangu akanitangulia.

"Keti hapa na mimi, mama. Hili jiko ni zuri, lakini mdomo wake ni mdogo. Sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya watu wengi, haikai. Waambie hao waliokubaliana."

"Nitawaambia, shosho. Wengine pia wamelalamika."

"Na yale mawe yako kule nyuma, sijayaficha. Siku za wageni nitayatumia. Hiyo pia uiandike, hesabu yenu isiwe ya uongo. Na mkija boma lolote, ulizeni kwanza mwenye moto."

Msichana aliniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali, na nilikubali kweli.

Siku hizi kikundi cha wanawake hukutana jikoni mwetu, kwa sababu sasa mtu anaweza kukaa humo bila kufuta machozi. Ndio wanaoamua miche ipandwe wapi kando ya mto, na ninaona wanaamua vizuri kuliko sisi. Wiki iliyopita nilichungulia mlangoni nikitaka kuchangia neno kuhusu mikaratusi. Mke wangu alinyoosha mkono kwa upole, akanikabidhi kikombe cha chai.

"Baba, hii ni yako. Kunywa huko nje kwenye jua."

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi, nikanywa chai yangu, nikiwasikiliza wakicheka ndani.