Sabuni ya Moraa

Moraa alikuwa mwoga wa gesi, wala hakuona haya kukiri. Alikuwa na miaka tisa mtungi wa jikoni ulipolipuka kwao Kisii ukamchoma mama yake uso. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini riziki nayo ina mizaha yake: kazi aliyoipata Toronto ilikuwa ufundi wa maabara, na maabara yenyewe ya haidrojeni.

Haidrojeni hiyo hupozwa sana hadi igeuke parahaidrojeni, aina yake yenye mpangilio maalumu wa chembe, kisha hupulizwa ndani ya kichupa chenye pairuveti, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na sukari. Ishara ya pairuveti, ambayo mashine ya sumaku huinasa kwa shida, huongezeka mara maelfu, halafu hufifia baada ya dakika moja hivi. Huenda siku moja ikasaidia kuiona saratani mapema. Moraa aliipenda kazi hiyo. Gesi ndiyo iliyomtisha: ya jikoni angalau hunuka, hii hainuki, na hata ikiwaka mchana mwali wake hauonekani.

Basi kila asubuhi alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, kama baba yake alivyomfundisha. Povu likifura, gesi inavuja.

"Dada Moraa, hapa si jikoni," Derek, Mkenya mwenzake aliyesimamia maabara, alizoea kumtania. "Si tuko na sensa ya kunusa gesi ukutani?"

Jumanne walikuja wageni. Moraa aliposhika sifongo, Derek alimkata jicho. Moraa akaona aibu, akairudisha sifongo kwenye ndoo. Akafungua mtungi, akainama kukitazama kichupa kikitokota, akakikimbiza kwenye sumaku. Mstari ukapaa kwenye skrini, na wageni wakapiga makofi.

Walipotoka kwenda kunywa chai, hofu haikumwachilia. Akachukua sifongo. Kwenye ungio la tatu, pale pale alipokuwa ameinamisha uso, povu likafura. Sensa kimya. Akaufunga mtungi, akakaa sakafuni.

Derek aliingia anacheka, kikombe mkononi. Akaliona povu. Kicheko kikakatika.

"Imevuja tangu saa ngapi?"

"Sijui," alisema Moraa, akilipapasa shavu lake ambalo halikuungua kama la mama yake. "Leo sikupaka."