Joho Lililomwita Ngamia

Kuna ngamia hapa Garissa ambaye nikipita mbele yake nainamisha macho, na kabla hamjacheka mjue kwamba mimi ndiye niliyemkosea, yeye hakunikosea kitu, na aibu yenyewe bado haijapoa, kwa sababu watu wa Mandera ambao sijawahi kuonana nao wananiuliza mpaka leo kama nimeshamaliza.

Ilianza na Ikran, binti wa dada yangu, ambaye shuleni kwao waliambiwa Jumatatu ni siku ya vitabu na kila mtoto aje amevaa kama mtu wa kitabu alichosoma. Wenzake walichagua sungura na daktari. Ikran alichagua mwanafunzi wa shule ya wachawi. Alinieleza sare yote kwa utulivu, joho jeusi lenye bitana nyekundu, tai ya mistari, kofia yenye ncha na kijiti cha kurogea, nami kwa kuwa cherehani ya mama iko chumbani kwangu na mdomo wangu hauna breki, nikasema hiyo ni kazi ndogo.

Kitambaa nilikitoa kwenye buibui mbili za zamani, bitana ni pazia, tai nikaikata kwenye kikoi cha baba (hajui mpaka sasa, anadhani kimeibwa kwenye kamba), kofia ni katoni ya tambi, na kijiti ni mswaki wa mti, ule mrefu ambao haujakatwa. Kosa langu lilikuwa moja tu. Kwetu mtoto hashonewi sare kwa alivyo, hushonewa kwa atakavyokuwa, na mimi mwenyewe nilianza darasa la kwanza na sketi iliyofagia sakafu. Basi mkono ukaenda wenyewe, nikaongeza huku, nikaongeza kule, ya kukua nayo, na nilipokata uzi wa mwisho nikaona nimemshonea mtoto joho linalonitosha mimi.

Ikabidi nipandishe pindo. Ikran alikuwa duksi, anasoma Kurani, na kioo chetu kinaonyesha uso tu, kwa hiyo nikalivaa mwenyewe lile joho, nikafunga na tai nione kama inakaa, nikatoka uani kwenye jua ili nijitazame kwa kivuli. Huo ndio uamuzi mdogo ninaoulaumu. Geti lilikuwa wazi, na Ayeyo, bibi yangu mzaa mama, alikuwa anarudi sokoni na dumu la maziwa.

Mtu yeyote aliyewahi kuona picha za mahafali anajua Ayeyo aliona nini. Mimi nasoma chuo kikuu kweli, ila nimebakiza mwaka mzima. Ayeyo hajawahi kukaa darasani na habari za mwaka wa ngapi hazimhusu, yeye alikuwa anangoja kuona ile nguo. Aliweka maziwa chini, akapiga vigelegele, kisha akaanza kulia, na akamwita jirani yetu, mwalimu kutoka Kitui, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, kuja ona. Mtoto yangu amemalisa."

Nilifungua mdomo. Sasa hebu niambieni ningesema nini. Ayeyo ni mtu ambaye nywele zikibaki kwenye kitana anazizika, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya, halafu mimi nimwambie hapana Ayeyo, futa machozi, hii si ya mahafali, hii ni sare ya wachawi, nimeishona mwenyewe, ni ya mtoto. Nikaona nitamweleza jioni akitulia. Mwalimu akanipa mkono, akaniuliza mahafali yalikuwa lini, nikasema alhamdulillahi, ambalo si jibu lakini pia si uongo.

Nilichosahau ni nadhiri. Ayeyo aliapa zamani kwamba mjukuu wake wa kwanza akimaliza chuo kikuu atachinja ngamia, na ngamia mwenyewe ndiye huyu, anaitwa Gurey, ndiye aliyebaki baada ya ukame kuwachukua wengine wote. Wafanyabiashara wamekuja kumtaka, amekataa. Anachungwa na Abti Hussein, mjomba wangu, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Ijara. Na nadhiri si mchezo: Gurey akichinjwa kabla sijamaliza, deni linabaki palepale kwenye shingo ya mwanamke mzee ambaye hana ngamia mwingine.

Nilikwenda jikoni kumletea Ayeyo maji, niliporudi simu iko sikioni. Kwetu habari haisafiri, inapigiwa simu. Wajir walijua kabla sijavua tai (na sikuivua, kwa sababu niliamriwa nikae hivyohivyo wageni wanione). Kufika adhuhuri uani pamejaa, nimevishwa shada la kumetameta lile la harusi, nimeketishwa kwenye kiti cha plastiki na buibui mbili na pazia moja mwilini katika jua la Garissa, napokea pongezi. Mzee mmoja alinikabidhi mwanawe nimtafutie kazi. Binamu wa Mandera alipiga simu ya video, akalia kwa furaha, na mimi nikalia, akafurahi zaidi.

Kila nilipomwinamia Ayeyo nimwambie, alinishika shavu akamgeuzia mtu mwingine anione. Baada ya Alasiri likaja lori dogo, kenta, na Gurey akateremshwa. Alisimama karibu na geti akitafuna, mtulivu kuliko mimi. Abti Hussein akakunja mikono ya shati, akatoa kisu. Maalim wa duksi, ambaye naye alikuwa amealikwa, akaomba dua ndefu, akasomea maji, akamnyunyizia ngamia, kisha akalinyunyizia na joho, bega hili na bega lile, kwa uangalifu.

Abti alipomshika Gurey kamba, nikainuka kitini. "Ayeyo," nikasema, "sijamaliza chuo. Bado mwaka."

Ayeyo hakunitazama usoni, alitazama joho. Akauliza polepole, "Na hii nguo ni ya nini?"

Kabla sijajibu, Ikran akaingia na ubao wake wa Kurani kwapani. "Ni yangu," akasema. "Ni sare ya shule ya wachawi. Habaryar, mbona umeilowesha?" (Habaryar ndiye mimi, mama mdogo.)

Mwalimu akaanza kueleza mambo ya siku ya vitabu, kwa nia njema kabisa, na kadiri alivyoeleza ndivyo wachawi walivyozidi kuwa wengi. Ikran akaenda kuleta kofia kama ushahidi. Maalim akaipokea, akaigeuza, akasoma maandishi ya tambi kwa ndani, akamrudishia. "Basi," akasema, "nguo imeshasomewa. Haina neno tena."

Kisu kikarudi kwenye ala. Ayeyo aliingia chumbani, na hapa ndipo sipendi kusimulia, maana hakunigombeza, alifunga mlango tu, nikamsikia akiwapigia Wajir. Kisha Mandera. Kila simu sauti yake ilishuka zaidi. Nilisimama nje ya mlango na shada langu shingoni, nikaona ni heri angenipiga.

Wageni walikula zile tambi zilizobaki bila katoni, wakaondoka kwa adabu, na adabu ya mtu anayejizuia kucheka ni mbaya kuliko kicheko. Abti Hussein akakataa kumpakia tena Gurey. Alisema ngamia akishaombewa dua harudishwi kama soda ambayo haijafunguliwa, akamfunga pale karibu na geti, akaenda zake.

Jumatatu Ikran alikwenda shule na joho likiburuta, maana pindo hakuna aliyelipandisha, akarudi na miiba bitana nzima na furaha tele. Nikachukua mkasi ili nilikate, yaishe. Ayeyo, ambaye tangu siku ile alikuwa ananijibu kwa kichwa tu, akanishika mkono.

"Wacha," akasema. "Itakutosha siku yako."

Akalitoa miiba mmoja mmoja, akalifua, akalifungia kwenye sanduku lake la bati.

Nimeapa kwamba sitashona tena nguo ya kukua nayo, mtoto wa mtu avae inayomtosha leo na kesho ijitegemee. Lakini kiapo hakijanipunguzia kitu. Kila asubuhi Ayeyo anampa Gurey majani, kisha ananiita pale getini na kuniuliza, mbele ya mhusika, kama nimesoma. Nasema nimesoma. Gurey anatafuna, ananitazama. Ananifahamu sasa, nikirudi jioni ananyoosha shingo anuse begi langu, na mimi, Mungu anisamehe, nimeanza kumletea maganda ya tikiti. Mitihani ya mwisho ni mwakani inshallah, watu wote wananiombea nifaulu, na wa kwanza kuletewa habari njema nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa getini, atakuwa ni Gurey.