Ushuhuda Uliomponza Shemeji

Niliokoka kwa kelele, na kwa muda mrefu nilidhani kelele ndizo wokovu. Tulikuwa vibarua wa kuchuma pareto kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro. Kila Jumapili sisi tuliookoka tulikutana katika banda la kukaushia maua, na kila mmoja alisimama akaungama dhambi zake mbele ya wenzake. Mwingine aliungama kwamba ameiba jembe, akaketi. Mimi niliungama mpaka watu walie, kisha nikatazama ni nani bado hajalia.

Jumapili moja machozi yao yalikataa kuja, nikatafuta dhambi kubwa zaidi. Nilisema nimemchukia shemeji yangu, mume wa dada yangu, kwa sababu alikula kiapo cha watu wa msituni, lakini leo nimemsamehe. Miaka ile watu wa msituni walipokuwa wakipigana na serikali, neno kiapo liliua watu. Nami sikujua kama alikila. Nilijua tu kwamba mara mbili hakulala nyumbani. Ila neno lilikuwa tamu, na mama mmoja wa mbele alianguka chini akilia. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

Jumatatu tukiwa shambani, homugadi watatu, wale askari weusi wa serikali, walimjia shemeji. Hawakumwuliza kitu. Wa kwanza alimpiga sikioni kwa kitako cha bunduki, shemeji akaangukia kikapu chake, maua yakalowa damu. Walimpiga mateke mpaka meno yakatoka. Dada yangu alimlalia juu ili amkinge, wakamchapa yeye pia, kisha wakamburuta mumewe kwa mguu hadi kituoni kwao. Mimi nilisimama tu na maua mkononi.

Jioni nilimwendea dada nikamwambia, "Jumapili nitasimama mbele ya wote niungame."

Alinizaba kofi. "Huko watalia na wewe, upate sifa mara ya pili. Enda kwa homugadi uwaambie ulidanganya."

Nilikasirika, tena sana. Mimi niliyeokoka nikaitwe mwongo na watu wanaonuka pombe? Asubuhi hasira ilikuwa bado ipo, nikaenda nayo hivyo hivyo.

"Nilidanganya," niliwaambia. "Sijui habari ya kiapo chochote."

Mkubwa wao aliniuliza kwa nini. Nilikuwa na jibu refu lenye Shetani ndani yake, nikalimeza. "Nilitaka watu wanisifu," nikasema. Walicheka, kisha wakanichapa viboko mpaka nikajikojolea mbele yao. Hapo hakuna aliyenililia.

Siku ya nne walimwachilia. Sijidanganyi kwamba ni kwa ajili yangu peke yangu. Mzungu naye alikuwa akiwataka wachumaji wake.

Nilimkuta ameketi mlangoni pake, kichwa kimefungwa kitambaa, dada akimnywesha uji kwa kijiko. Mgongo wangu ulikuwa unawaka. Nilipiga magoti nikanong'ona kwamba nilimsingizia, anisamehe.

Alinigeuzia upande wa pili wa uso. "Sema kwa nguvu, shemeji. Sikio lile limekufa."

Majirani walikuwa wametoka, kambi nzima imesimama milangoni. Nikayasema tena kwa sauti, maneno yale yale, bila kuongeza hata moja.