Samaki wa Kwanza Kurudi Mtoni Nilimpika Mimi

Admin, usiandike jina langu, huku Nchelenge tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 34, mkimbizi kutoka Kongo. Nafanya kazi na watafiti wanaofuatilia mto wetu unaoingia Ziwa Mweru. Ukuta wa bwawa la zamani ulibomolewa ili mto upone na samaki tunayemwita mpumbu apande tena kutaga mayai.

Mwenzangu kazini ni Bana Mulenga, mama Mzambia aliyejifunza Kiswahili chetu cha Kongo. Yeye ndiye aliyewabembeleza jirani zake wakubali bwawa libomolewe, ingawa lilimwagilia bustani zao. Wavuvi wa Kashikishi, kule ziwani, wanamfunga mpumbu kipande chekundu cha plastiki chenye namba, wanamwachia mdomoni mwa mto. Sisi huku juu tukimnasa tunampima, tunamwandika, tunamrudisha majini. Miezi yote tumeandika sifuri.

Wiki iliyopita Bana Mulenga aliumwa, nikaenda mtoni peke yangu. Nikamkuta mpumbu! Jike, tumbo limejaa mayai, kipande chekundu mgongoni. Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Kisha nikamkumbuka mama mkwe, aliyevuka ziwa kuja kutuona kwa mara ya kwanza. Siku tatu nilikuwa namlisha bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo tu, na kwetu mkwe hapokelewi kwa majani. Nikamfunga samaki kwenye kitenge. Kwenye daftari nikaandika sifuri.

Mama mkwe alilamba vidole. "Mwanangu, hii samaki ulitosha wapi? Tangu utoto sikulaka mpumbu ya mayai!" Nilicheka, nikamsogezea na sahani yangu.

Jumapili, nje ya kanisa, watu walimtukana Bana Mulenga. "Bustani zimekauka, samaki iko wapi?" Alhamisi kuna mkutano, wanataka ukuta ujengwe upya. Akanishika mkono mbele yao. "Mama, weye njo shahidi yangu. Ungeona hata moja, ungesema."

Nikaitikia ndiyo. Naona aibu hata kuandika hapa.

Kipande chekundu nimekificha kwenye kopo la chumvi. Nikikitoa, kazi imekwisha, na watasema wakimbizi wote ni wezi. Nikinyamaza, mto utafungwa tena na Bana Mulenga atabaki mwongo kijijini kwake.

Leo asubuhi amekuja kwangu na samaki mkubwa wa kukaushwa, amemfunga kwenye gazeti. "Nasikia uko na mugeni," akasema. "Juu ya nini haukuniambia? Ningekupa samaki."

Ndugu zangu, nishaurini. Nitamtazamaje Alhamisi?