Saa Iliyosomwa Mara Moja

Wifi yangu Hind hajui kukaa. Tangu nilipoolewa na nduguye na kuhamia nyumba yao ya Kibokoni, sijamwona akimaliza kikombe cha chai ameketi. Kazi yake ya kuunda tovuti inataka mtu aliyetulia, naye huifanya wima, kompyuta juu ya kabati la vyombo, mguu mmoja ukipigapiga sakafu. Ataandika mistari miwili, ashuke ngazi kuchungulia mlangoni, apande tena. Nimechoka kumwambia kuwa haraka haraka haina baraka. Hunijibu kuwa maneno hayo yalitungwa na wavivu.

Hata hivyo, haki yake nimpe. Mwaka jana alitutengenezea kitu cha maana, ukurasa wa tanzia wa mtaa. Mtu akifariki, Khubaib wa msikitini huandika jina lake, msikiti ambako atasaliwa, na wakati wa mazishi, na kila mwenye simu akaona. Chini pana kitufe cha kubonyeza ukishamsomea marehemu Fatiha, na idadi ya waliosoma hupanda pale pale mbele ya macho yako.

"Habari zote zawekwa pahali pamoja, wifi, kama stoo," alinieleza siku moja nikipepeta mchele. "Kila kipande cha ukurasa chaenda kuchota humo."

Kumbe kuchota kuna namna mbili. Waweza kuchungulia mara moja ukaenda zako, au waweza kujiandikisha, ili kila kinachobadilika stoo uambiwe papo hapo. Idadi ya Fatiha Hind aliiandikisha. Wakati wa mazishi hakuuandikisha. Siku za majaribio maandishi yale yalikuwa yakipepesa kila habari mpya ilipoingia, na kupepesa kule kulimkera roho. Badala ya kutafuta sababu, aliyaamuru yasome mara moja tu, kisha yanyamaze. Yakanyamaza kweli, naye akarukia kazi nyengine. Haya yote niliyajua baadaye, baada ya Mzee Faraj.

Mzee Faraj, fundi wa milango, alifariki alfajiri ya Jumanne. Yeye na mkwe wangu Idarus, babake Hind ambaye nami humwita Baba, walikuwa marafiki tangu chuo cha Kurani, walipokuwa wakichapwa kwa bakora moja. Walikuwa na ahadi: atakayetangulia, mwenziwe ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea na kumlaza mwanandani, ule upango wa ubavuni mwa kaburi. Walizoea kutaniana kuhusu hilo, wakibishana ni nani bado ana mgongo wa kumbeba mwenziwe.

Ukurasa ulisema atazikwa baada ya Alasiri. Baba akaenda kutoa pole, kisha akarudi dukani kwake Biashara Street, kwani watu wa harusi walikuwa wanakuja kuchukua leso zao. Alipanga kufunga saa nane.

Saa tano, mtoto wa Mzee Faraj aliyekuwa njiani kutoka Lamu alipiga simu: basi limeharibika, wasimngoje. Maiti hacheleweshwi. Khubaib akabadilisha wakati kwenye ukurasa: Adhuhuri.

Saa saba Hind alikuwa akizunguka jikoni kwangu, simu mkononi, akinipindulia vifuniko vya sufuria. Akatupia jicho kompyuta aliyokuwa ameiwasha punde, kisha simu, ambayo ukurasa wake ulikuwa wazi tangu asubuhi. Kompyuta ilisema Adhuhuri. Simu ilisema Alasiri. Akasimama, hata mguu ukatulia. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na nikaogopa.

"Baba," akasema.

Alimpigia mara tatu, hakupokea. Tukajitupia mabuibui na kutoka mbio, mimi nyuma nikihema na kulaani vichochoro vyote vya Mji wa Kale.

Tulimkuta ameketi dukani na kanzu yake nyeupe, msahafu mapajani. Simu alikuwa ameinyamazisha ili amsomee rafikiye Yasini, na ameisimamisha kwenye mzigo wa leso, ukurasa uko wazi.

"Fatiha mia mbili na kumi na mbili!" akatuambia, uso umemng'ara. "Tazamani watu wanavyompenda Faraj."

"Baba, ndoo twende! Washamtukua makaburini!"

"Si Alasiri?" Akaisogeza simu karibu na miwani. "Alasiri. Hii hapa."

Hind hakueleza. Alimshika mkono akamvuta hadi kwenye tuktuk ya dereva Kyalo, duka tukaliachia jirani. Njia nzima aligongagonga chuma cha kiti na kumsihi Kyalo apite pasipopitika.

Makaburini sisi wanawake tulibaki ndani ya tuktuk. Kupitia langoni niliona majembe yameshawekwa chini na kaburi limeshakuwa tuta. Baba aliinama, akatupia mchanga mara tatu kwa mkono, akasimama pale baada ya wenzake kuondoka.

Aliporudi, Hind alikuwa akilia. "Ni makosa yangu, Baba. Ni mimi."

"Nalikuwa naitazama, mwanangu," Baba akasema. "Sikuondoa mato."

Wala hakumlaumu. Alisema kama mtu anayeomba radhi, na mimi hilo ndilo lililoniuma.

Jioni ile Hind aliketi. Aliurekebisha ule mstari wa kusoma mara moja, kisha akafungua ukurasa kwenye simu zetu tatu na kumwomba Khubaib abadilishe saa mara ishirini. Mara zote ishirini ikabadilika bila kuguswa. Baba alitazama, akasema maashallah, akaenda kusali.

Mwezi uliofuata alifariki Mzee Jamaldin wa mtaa wa pili. Mazishi yaliandikwa Alasiri, na saa nne yakarudishwa Adhuhuri. Simu ya Baba ilikuwa juu ya kabati la vyombo, ukurasa uko wazi, na saa ikabadilika mbele yetu, mimi na Hind. Hind akaikwapua ili amkimbilie. Nikamwambia aiweke. Baba alikuwa barazani kwa wafiwa tangu alfajiri; simu aliiacha makusudi.